Kwa nini mzee mwenye demensia hupiga, hutukana na kushutumu

Asubuhi moja nyumbani kwetu Tanga, mama yetu alimpiga dada kwa kopo la kuogea, akamchana juu ya jicho, kisha akapiga yowe la mwizi hadi majirani wakajaa uani. Mama huyu hakuwa mtu wa kutuchapa hata tulipokuwa watoto. Damu haijakauka, maelezo matatu yalishatolewa. Jirani wa upande wa kulia alinong'ona kwamba mama amechezewa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kwenda sokoni akasema huo ni uzee, hauna dawa. Na kaka yetu, kwa simu kutoka Dar es Salaam, akasema mama anafanya makusudi kwa kuwa hataki kusimamiwa na dada.

Wote watatu walikosea. Makosa hayohayo husikika kila habari ya wazee inapozuka, iwe ni video ya bibi anayewakimbiza wajukuu na fimbo inayozunguka kwenye simu, au taarifa ya mzee aliyekutwa amefungiwa chumbani. Nimeishi na jambo hili, nimewauliza madaktari na wauguzi, nimesoma. Namwandikia yule ambaye leo anajikanda uso na hajui kesho atamwogesha mzee wake vipi.

Tuanze na neno lenyewe. Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni kama neno homa: mtu ana homa, lakini chanzo chaweza kuwa malaria, nimonia au kidonda kilichooza. Vivyo hivyo demensia ni hali ambayo kumbukumbu, fikra, lugha na tabia vinaharibika mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku, na nyuma ya hali hiyo kuna magonjwa ya ubongo. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Unafuata uharibifu wa mishipa ya damu ya ubongo, unaoletwa na presha, kisukari na viharusi, vikiwemo vile vidogo ambavyo mtu alipata na hakuna aliyejua. Yapo na mengine, kama lile la Lewy ambalo humfanya mgonjwa aone watu wasiokuwepo, na lile linaloanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambalo huweza kumpata mtu wa miaka 50 na likabadili tabia yake kabla hata hajaanza kusahau.

Uzee peke yake hauleti hali hii. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta demensia kwa takriban watu 6 katika kila 100. Wale wengine 94 wamezeeka, magoti yanauma, majina yanawaponyoka, lakini wanajua wako wapi na nani yuko mbele yao. Kwa hiyo tunaposema "ni uzee tu" tunamnyima mgonjwa haki ya kuchunguzwa. Hakuna anayesema "ni uzee tu" mzee akivunjika nyonga.

Na ukali huu si jambo geni lililozuka na zama zetu. Mgonjwa wa kwanza ambaye daktari Alois Alzheimer aliandika habari zake, Auguste Deter, alipelekwa hospitali mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Dalili ya kwanza iliyoonekana kwake ilikuwa wivu: alianza kumtilia mumewe shaka. Baadaye akawa anahamisha vitu na kuvificha, na anapiga kelele kwa saa nyingi. Daktari alipokuwa akimhoji alisema, "Nimejipoteza." Kwa Kiswahili ni neno moja tu, nalo liliniingia kuliko kitabu kizima, maana ndivyo mama alivyokuwa akitazama huku na huku kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Sasa, ukali unatoka wapi? Fikiria umebanwa kwenye daladala saa moja asubuhi. Mtu anakukanyaga kidole chenye kidonda. Tusi linapanda hadi kooni, mkono unataka kunyanyuka, lakini unameza, unasema "angalia, ndugu yangu". Kilichokufanya umeze ni sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo breki yetu. Demensia inaikata breki hiyo polepole, huku injini ya woga na hasira, iliyo ndani zaidi, ikiendelea kunguruma. Mzee hajaongezewa ubaya. Amepunguziwa kizuizi ambacho sisi tulio wazima tunacho na hatukioni.

Juu ya hapo kuna kumbukumbu. Kwa wengi yaliyo karibu hutangulia kufutika na ya zamani hubaki muda mrefu. Mama hakujua amekula nini asubuhi, lakini alijua jina la nahodha wa jahazi lililowavusha alipokuwa msichana Pangani. Akimtafuta binti yake, anamtafuta yule wa miaka saba mwenye mabutu. Huyu mwanamke mtu mzima mwenye mvi anayemvua kanga ni nani?

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: maneno hufutika, hisia hubaki. Mzee akifokewa saa mbili asubuhi, saa nne hakumbuki aliyefoka wala alichoambiwa, lakini kifua bado kizito na hajui kwa nini. Atakayepita karibu yake ndiye atakayelipa. Ndiyo maana kauli ya kaka yetu kwamba mama anafanya makusudi haikuwa sahihi. Makusudi yanahitaji mpango, na mpango unahitaji kukumbuka dakika tano zilizopita.

Turudi bafuni, kwa sababu kuoga ndiko kunakozua vita katika nyumba nyingi. Tulivyoona sisi: dada alimpeleka mama kuoga, mama akampiga. Alivyoona mama: nimeamka, baridi, mwanamke nisiyemjua amenishika mkono, ananiingiza kwenye kichumba chenye unyevu, ananivua nguo, kisha maji ya baridi yananimwagikia kichwani bila taarifa. Wewe ukilala gesti ya ugenini na mgeni akaingia kukufanyia hivyo, utapiga kelele gani? Utapiga za mwizi. Sisi tunaita ukali, yeye alikuwa anajikinga.

Tulipolielewa hilo tulibadilisha mambo madogo. Kuoga tukakuhamishia alasiri, jua likiwa limepasha ndoo iliyoachwa uani. Mama anakaa kwenye kigoda, hasimamishwi. Kanga inabaki mabegani muda wote, na dada anaosha chini yake kipande kwa kipande, akianzia miguuni, kichwa mwisho kabisa au kesho. Kila hatua inatajwa kabla mkono haujagusa: "Mama, naosha mguu huu." Kopo tunampa alishike yeye. Tuligundua kwamba mkono wenye kazi haupigi, na kwamba akijimwagia maji mwenyewe anaanza, bila kuambiwa, kujitawadha kama anayejiandaa kwa swala. Mikono ilikumbuka kile ambacho kichwa kilikuwa kimesahau. Siku akikataa katakata, tunampangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na maisha yanaendelea. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga siku moja.

Liangalieni na suala la nani anaogesha. Kwetu aibu ni kitu kizito. Baba mkwe anayevuliwa nguo na mkaza mwana anaweza kusahau kila kitu duniani na bado akajua kwamba hilo halifai. Mara nyingi ukali wa mzee wa kiume bafuni unaisha siku mjukuu wa kiume au kijana wa jirani anapochukua zamu hiyo.

Kuna swali moja la kuulizwa kabla ya yote haya: ukali umeanza lini? Demensia hutambaa kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mtulivu Jumatatu, na Alhamisi anapiga watu, hajui vizuri yuko wapi, mara amesinzia mara amechachamaa, huyo ana jambo lingine lililompanda juu, na ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Yaweza kuwa malaria, nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo ambayo kwa wazee huweza kuja bila homa kali wala malalamiko ya kuungua. Yaweza kuwa choo kigumu cha siku nyingi. Yaweza kuwa upungufu wa maji, na hili ni la kawaida mno. Wazee wengi hujinyima maji kwa makusudi ili wasimsumbue mtu kuwapeleka chooni. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa, chai, uji, dafu, na usisubiri aombe.

Angalia pia kikapu cha dawa. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, mfano klorofeniramini ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton, hununuliwa duka la dawa bila cheti na kupewa wazee ili walale. Kwa ubongo wenye demensia dawa hizo huongeza kuchanganyikiwa. Diazepamu nayo huweza kumlegeza mzee akaanguka, au ikamfanya achachamae zaidi. Nimeona familia zinaongeza dozi kwa sababu mzee "amekuwa mkali zaidi", kumbe dozi ndiyo inayomkoroga.

Halafu maumivu. Mtu aliyepoteza maneno hawezi kusema jino linamuuma. Anakunja uso, anasukuma sahani, anampiga anayemgeuza kitandani. Nchini Norway, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalitokana na wazee 352 wa nyumba za kutunzia wazee, wenye demensia na waliokuwa wakali au wasiotulia. Kundi moja lilipewa matibabu ya maumivu kwa utaratibu, wengi wao parasetamoli tu, na ndani ya wiki 8 fujo zilipungua waziwazi kuliko kwa wale walioendelea na huduma ya kawaida. Fikiria ni vidonge vingapi vya kutuliza akili vingeepukwa kwa kumchungulia mzee kinywani, miguuni na mgongoni. Mchunguzeni na masikio kama yana nta, na macho kama yana mtoto wa jicho. Anayesikia nusu na kuona ukungu ana kila sababu ya kushtuka.

Tuhuma za wizi nazo zina njia yake. Mama alikuwa na desturi ya wanawake wa zamani ya kufunga fedha kwenye pindo la kanga. Fundo likihama, mwizi ametajwa, na mara zote alikuwa ni binti wa kazi. Ubongo ukipoteza habari hukaa na pengo, na pengo hilo hujazwa na maelezo yanayoingia akilini: fedha hazipo, mtu kazichukua. Kubishana hakusaidii. Ukimwambia "umezificha mwenyewe" umemwita mwongo. Tulijifunza kusema, "Pole mama, fedha ni jambo la kuumiza, hebu tuzitafute wote," na kuwa na kanga ya pili yenye fundo la noti chache. Kutafuta kwa pamoja kulimtuliza hata pale tusipopata kitu. Nasema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu ninajua mabinti wa kazi waliofukuzwa bila mshahara kwa wizi ambao haukutokea kabisa. Ukimwajiri mtu amtunze mzee mwenye demensia, mweleze siku ya kwanza kwamba atatuhumiwa, na mhakikishie kwamba mtamwamini.

Jioni ni habari nyingine. Kuanzia saa kumi na moja, vivuli vinaporefuka, wagonjwa wengi huanza kuhangaika: wanazunguka, wanagonga mlango, wanataka "kwetu". Mwili umechoka, mwanga umepungua, na saa ya ndani ya ubongo imeharibika. Mama alikuwa akifunga kanga zake kwenye furushi kabla ya adhana ya magharibi, anataka kuvuka kwenda kwa baba yake. Mwanzoni tulimweleza ukweli: "Babu alishafariki, mama." Akaangua kilio. Kesho yake tukamweleza tena, akalia tena kama vile kaletewa habari ya msiba saa hiyohiyo. Tulimfiwisha baba yake mara nyingi kabla hatujapata akili ya kuacha. Jibu lililofaa halikuwa ukweli wala uongo, lilikuwa swali: "Kwenu kukoje, mama?" Hapo furushi linawekwa chini na hadithi inaanza. Washeni taa mapema, kabla giza halijaingia. Na kama mzee anagombana na mtu ukutani, funikeni kioo. Mzee hamjui yule bibi kizee aliyemo.

Ilitusaidia sana kuwa na daftari. Kila alipochachamaa tuliandika saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia. Baada ya wiki tatu tukaona usiku mbaya wote ulianza saa mbili na nusu. Dada akakaa sebuleni akasikiliza badala ya kutazama. Ilikuwa tamthilia ya televisheni, watu wanagombana na kutishiana kuuana, na mama chumbani kwake anasikia ugomvi ndani ya nyumba. Tulihamisha televisheni. Ukali wa usiku ulipungua kuliko kwa kidonge chochote alichowahi kupewa.

Lakini kuna wakati umeshachelewa, mkono umeshanyanyuliwa. Rudi nyuma hatua mbili. Usimshike mikono, maana anayeshikwa hupigana. Usisimame kati yake na mlango. Aongee mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, viganja vikiwa wazi, na wengine watoke. Kama hayupo hatarini, ondoka kabisa kwa dakika kumi, urudi ukiwa na chai kama ndiyo kwanza unaingia. Mara nyingi atakupokea kama mgeni mwema. Visu, mapanga, mchi, shoka la kuni na mafuta ya taa viwekwe mbali siku zote. Usimfunge kamba wala kumfungia kwa kufuli. Kamba huleta vidonda na woga zaidi, na chumba kilichofungwa kikishika moto hakuna wa kutoka.

Watu huuliza dawa. Dawa ya kuponya demensia haipo. Zipo zinazosaidia kumbukumbu kwa kiasi kwa baadhi ya wagonjwa, na zipo za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, ambazo huandikwa ili kutuliza fujo. Hizi za pili zishikeni kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kundi hili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 ikaongeza za zamani, haloperidoli ikiwemo. Mwenye demensia ya Lewy akipewa anaweza kukakamaa mwili mzima. Zina nafasi yake pale mgonjwa anapojihatarisha au kuhatarisha wengine na njia nyingine zimeshindikana: dozi ndogo, muda mfupi, chini ya daktari anayepanga tarehe ya kuipitia upya. Kama mzee wako tayari anazitumia, usizikate ghafla. Nenda ukaulize kwa nini alianzishiwa na lini zitapunguzwa.

Nimeliacha la uchawi hadi hapa kwa sababu ndilo linaloua. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na watu waliowatuhumu kwa uchawi. Kilifi, wazee waliokimbia tuhuma za namna hiyo wamekuwa wakipewa hifadhi katika kituo cha Kaya Godoma. Sasa chukua mambo yanayotajwa kuwa ushahidi wa mchawi: kakutwa usiku kwenye kiwanja cha watu, nguo hana, anaongea peke yake, hawezi kueleza kafikaje, akishikwa anang'ata. Msomee muuguzi wa afya ya akili orodha hiyo bila kutaja uchawi, atakuuliza mzee ana miaka mingapi na alianza kusahau lini.

Mimi sikatazi dua. Mama alisomewa, na kwa kuwa kisomo kile alikijua tangu utotoni, kilimtuliza. Ninachokataa ni kumchapa mzee ili shetani atoke, kumfukiza moshi, kumfungisha bila chakula, au kumzuia asipelekwe kliniki ya afya ya akili iliyopo hospitali ya mkoa kwa sababu "ugonjwa huu si wa hospitali". Ni wa hospitali.

Na dada? Alama juu ya jicho bado anayo. Siku moja aliniambia, akiangalia chini, kwamba alimrudishia mama kofi. Kabla sijasema lolote akaanza kulia. Alikuwa akipata usingizi wa saa mbili tu kila usiku, wiki ya tano mfululizo. Sisi wengine tulikuwa tunatuma fedha kwa simu pamoja na maagizo. Mtu mmoja hawezi kulibeba jambo hili, na mlezi aliyechoka ni hatari kwa mzee na kwa nafsi yake. Tulikaa kikao, tukagawana zamu kwa majina na tarehe, na kaka akapangiwa Agosti, wiki mbili.

Siku ya tatu jioni alinipigia. Sauti imemkauka. "Amefunga furushi, anataka Pangani, amenisukuma. Nimwambie nini?" Nikamwambia amuulize njia. Hakukata simu, nikasikia anauliza, kwa adabu, kama mgeni kwelikweli: mama, Pangani tunapitia wapi? Kimya. Kisha sauti ya mama ikaanza kutaja, kijiji baada ya kijiji, na kaka akawa anaitikia.